Baada ya Mnyama Kuanguka

Ndugu zangu Waislamu, kuwinda ni halali, na hilo halina ubishi. Aya ya 4 ya Suratul Maida imeruhusu kula tunachokamatiwa na wanyama tuliowafunza kuwinda, ikaamrisha kutaja jina la Mwenyezi Mungu, kisha ikamalizia kwa uchamungu na wepesi wa hesabu Yake. Mwisho huo wa aya tunaupita haraka mno. Wawindaji wetu wengi wanajua kupiga bismillahi kabla ya kufyatua, na wakishafyatua huona kwamba dini imemaliza sehemu yake: kuchuna, kupasua na kugawa ni kazi ya mikono tu. Mimi nasema kinyume chake. Nyama ya nyati, pofu au pundamilia huweza kuharibika kisheria baada ya risasi kulia, na aliyebeba dhima ya hilo ni yule aliyeshika kisu.

Tuanze na sababu ya ruhusa yenyewe. Mnyama wa kufugwa huchinjwa kooni, likakatwa koromeo na umio, kwa kuwa yumo mikononi mwetu. Mnyama wa mwitu hatumwezi, na kwa ajili ya kushindwa huko sheria ikakubali jeraha lolote la mwilini mwake lichukue nafasi ya kuchinja. Basi ruhusa imefungwa kwenye kushindwa, na kushindwa kukiondoka, ruhusa nayo inaondoka. Aya ya 3 ya sura hiyohiyo inataja aliyenyongwa, aliyepigwa, aliyeporomoka, aliyepigwa pembe na aliyeliwa na mnyama mkali, kisha inamvua yule tuliyewahi kumchinja. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alimfundisha Adiy bin Hatim kwamba akimkuta mnyama aliyemwinda yu hai amchinje, na akimkuta amezama majini asimle, kwa kuwa haijulikani kama ameuawa na mshale au na maji. Tazama jinsi mafundisho hayo yanavyoshughulika na kinachotokea baada ya mshale kutoka.

Imamu Nawawi, ambaye kitabu chake Minhaj ni msingi wa fikihi ya Kishafii inayosomeshwa pwani yetu, alilieleza jambo hili kwa mifano ya mwindaji halisi. Ukimfikia mnyama angali na uhai uliotulia, ukachomoa kisu akafa kabla hujawahi, ni halali, maana hukuzembea. Lakini akifa kwa sababu hukuchukua kisu, au kisu kimekwama kwenye ala, amekuwa kibudu. Kisu kukwama kwenye ala! Jambo ambalo wengi wetu tungeliita bahati mbaya, wanazuoni wameliita uzembe na wakaharamisha nyama yote kwa ajili yake. Hapo ndipo unapoona uzito wa maandalizi. Na ishara za uhai uliotulia wamezitaja: damu kuruka kwa nguvu na mnyama kujirusha kwa nguvu baada ya kukatwa. Asiyekuwa na dalili hizo, akawa amekwisha kufa kwa sababu nyingine, kumkata koo hakumrudishii uhalali. Nalisisitiza hili kwa sababu wapo vijana wanaodhani kupitisha kisu shingoni mwa mnyama yeyote aliyelala kunatosha.

Mtu atasema: nyati aliyejeruhiwa ni hatari, je, tunaamrishwa kujiua? La, hatuamrishwi. Kusubiri kwa mbali mpaka pawe salama, au kumpiga risasi ya pili akiwa bado hashikiki, si uzembe. Akifa katika hali hiyo hukumu ya mawindo inabaki. Uzembe ni kukaa unavuta sigara au kupiga picha huku mnyama anagaragara na unaweza kumfikia. Kuna pia khitilafu ya risasi yenyewe. Hadithi ya Adiy inatofautisha kinachoua kwa ncha na kinachoua kwa uzito, na wanazuoni wamejadili risasi iwekwe upande gani. Shawkani wa Yemen aliona kuwa inatoboa na kupenya, kwa hiyo mawindo yake ni halali. Wapo Mashafii waliokaza zaidi, wakashurutisha mnyama adirikiwe na achinjwe. Aliye hodari wa kuwahi na kisu ametoka kwenye khitilafu hiyo, na nyama yake haitiliwi shaka na yeyote kati yao.

Baada ya kuchinja, subira. Shaddad bin Aws amepokea kwa Mtume kwamba Mwenyezi Mungu ameandika ihsani katika kila kitu, hata katika kuua na kuchinja, na kwamba mchinjaji anoe kisu chake na ampumzishe mnyama. Kumchuna kabla roho haijatoka kumekirihishwa. Kumkata kiungo angali hai ni zaidi ya hapo: Abu Waqid al-Laythi amesimulia kwamba watu wa Madina walikuwa wakikata nundu za ngamia na mikia ya kondoo walio hai, na Mtume akasema kilichokatwa hivyo ni mfu. Kisha damu. Aya ya 145 ya Suratul An'am imeharamisha damu iliyomwagika, ama ile inayobaki ndani ya mnofu na mishipa imesamehewa. Kwa hiyo mwache mnyama atoke damu barabara, kichwa kikiwa upande wa chini wa mteremko. Ukipasua tumbo, geuza makali ya kisu yatazame juu ili usitoboe tumbo la majani, kibofu wala utumbo, kwa kuwa vilivyomo kwa madhehebu yetu ni najisi, na kinachomwagikia nyama lazima kioshwe. Mnyama mkubwa hubeba joto jingi ndani, na matumbo yakikaa juani huvimba na kuoza yakiharibu mapaja na mbavu. Yatoe mapema, ining'inize nyama kivulini ipitiwe na upepo. Usiseme hayo ni mambo ya wapishi. Abu Thaalaba al-Khushani alifundishwa na Mtume kuwa mawindo yaliyopatikana baada ya siku tatu huliwa maadamu hayajanuka. Uozo umetajwa ndani ya hadithi ya uwindaji yenyewe.

Ama mzoga uliokutwa porini, usiuguse kabisa. Kimeta huua wanyama wa mwituni na wa kufugwa, na mwaka 2004 kiliua viboko wengi katika Hifadhi ya Queen Elizabeth nchini Uganda. Mzoga wa mnyama aliyekufa kwa kimeta ukipasuliwa, vijidudu vyake hukutana na hewa, hujifungia magamba na kukaa udongoni miaka mingi. Anayeupasua ajitafutie kitoweo amekula haramu na amewaachia wengine maradhi.

Upo upotevu mwingine: kukata pembe na ngozi kwa ajili ya kumbukumbu na kuacha nyama ioze. Mtume alipoona mbuzi mfu wa mjakazi wa Bibi Maimuna aliuliza kwa nini hawakuifaidi ngozi yake kwa kuitia dabaghi. Ikiwa ngozi ya mfu ilisikitikiwa, vipi mamia ya kilo za nyama halali? Ipo pia hadithi ya shomoro atakayemlalamikia aliyemuua bure. Wataalamu wameizungumzia isnadi yake, ila maana yake inaafikiana na katazo sahihi la kuvifanya vyenye roho kuwa shabaha.

Wengine hujitetea kwa hadithi ya Bibi Aisha, pale watu walipouliza kuhusu nyama wasiyojua kama imetajiwa jina la Mwenyezi Mungu, wakaambiwa walitaje wao wenyewe na wale. Hadithi hiyo ni faraja kwa mlaji. Mwindaji haimhusu, kwa sababu yeye anajua alichofanya. Sheria imemruhusu jirani amdhanie mema asiulize, na kwa hivyo mzigo wote umebaki kwa aliyekuwepo porini. Tuongeze na amana ya nchi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania inataka leseni kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Kuwatii wenye mamlaka katika mambo mema ni wajibu, na anayewinda kwa magendo anajibebesha dhambi hata kama kisu chake kimekata sawasawa.

Ewe mwindaji, ukirudi na nyama ambayo moyoni mwako hujui ilikufaje, usiipeleke kwa jirani, usiiuze, wala usiwapikie wanao. Iache, na uwaambie wenzako sababu.