Hodi Isiyobishwa

Katika adabu za watu wa pwani hakuna neno fupi lililobeba mengi kama hodi. Mgeni husimama nje, aghalabu ubavuni mwa mlango na si mbele yake, ili hata ukifunguliwa ghafla jicho lake lisitangulie kuingia. Hubisha mara ya kwanza, akanyamaza kwa kadiri ya mtu kumaliza alilokuwa nalo; akabisha ya pili, akanyamaza; akabisha ya tatu. Asipoitikiwa, huondoka. Haulizi kwa jirani, hachungulii dirishani, wala haondoki na kinyongo. Msingi wa adabu hii unajulikana. Suratun Nur, katika aya ya 27 na ya 28, inawakataza waumini kuingia nyumba zisizo zao mpaka watake ruhusa na wawatolee salamu wenyewe. Na inaongeza kwamba wakiambiwa warejee, basi na warejee, na kurejea huko ni usafi kwao. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito, na ndiyo yasahauliwayo upesi. Mwenye nyumba hakutakiwa atoe sababu, na mgeni hakupewa haki ya kuidai.

Hodi, kwa hivyo, ni swali la kweli, yaani swali ambalo jawabu lake laweza kuwa la. Na karibu inapata thamani yake hapo hapo, kwa kuwa ilikuwa yaweza kuzuilika. Karibu ambayo mtu hana hiari ya kuizuia si ukarimu tena. Ni mlango uliovunjwa kwa upole.

Suala linalostahili kuulizwa leo, wakati ambapo hata mchuuzi wa madafu ana simu mbili, ni hili: simu inapolia mfukoni mwa mtu, yule aliyeipiga amebisha hodi, au ameshaingia?

Neno simu lenyewe lilikuja kwa njia ya bahari. Asili yake ni Kiajemi, lugha ambayo neno hilo lina maana ya fedha na pia ya waya, na waya ndio ulioliingiza katika maisha ya visiwa. Mwaka 1879 waya wa telegrafu uliotandazwa chini ya bahari kutoka Aden uliifikia Unguja, na tangu hapo habari ya Bombay au ya London ikawa yaweza kufika kwa saa badala ya majuma. Lakini habari ile ilishuka katika karatasi, karatasi ikatiwa mkononi mwa tarishi, na tarishi akaenda kwa miguu mpaka mlangoni, akasimama, akabisha hodi. Kasi yote ya umeme iliishia kizingitini. Nyumba za watu zilikuwa bado na mamlaka juu ya saa zao.

Kisha ikaja simu ya kusema. Alexander Graham Bell alipata hataza yake mwaka 1876, na yasimuliwa kwamba yeye alipenda watu waanze mazungumzo kwa neno ahoy, ambao ni mwito wa mabaharia wa Kiingereza, chombo kwa chombo. Thomas Edison alipendekeza hello, na hello likashinda. Pwani likawa haloo. Yafaa kumhurumia Bell kidogo kwa kushindwa huko. Nahodha anapokiita chombo kingine katikati ya maji, hapandi sitahani mwake. Anaita kwa mbali, anangoja, na kile chombo chaweza kujibu, au kikapandisha tanga kikaenda zake. Mwito wa Bell ulikuwa karibu na hodi kuliko huu uliobaki, ambao hauombi chochote.

Hata hivyo simu ya mezani haikuleta balaa kubwa. Ilikaa sebuleni juu ya kitambaa cha kufuma, mara nyengine imefungwa kufuli, na aliyeipokea aghalabu alikuwa mtoto aliyefika mbio wa kwanza. Mtoto huyo ndiye aliyekuwa bawabu. Alisema baba yuko msikitini, mama analala, piga baadaye, na aliyepiga akaridhika, kwa sababu alikuwa ameibishia nyumba, hakumbishia mtu. Tofauti hii ni ndogo kwa kuitaja na kubwa kwa kuiishi. Nyumba ina vyumba, na ndani ya vyumba mtu hupata pa kuwepo bila ya kuonekana.

Waliojenga nyumba za kale za mawe kule Lamu waliyafahamu haya vizuri zaidi kuliko wanaochora ramani za nyumba za sasa. Mtu hatoki njiani akaingia moja kwa moja katika maisha ya watu. Hupita daka, penye viti vya mawe ambapo mgeni wa dakika mbili humaliza shughuli yake bila ya kuvuka zaidi; kisha tekani, ambayo imepindishwa makusudi ili jicho la mpita njia liishie ukutani; kisha kiwanda kilicho wazi kwa juu; na ndipo zije sehemu za ndani, moja baada ya moja, kila moja ikiwa na watu wake wanaoruhusiwa. Baina ya nyumba na nyumba palikuwa na wikio juu ya njia, ili wanawake watembeleane bila ya kushuka chini. Haikuwa jamii ya watu wanaokimbiana. Hakuna watu waliopenda wageni kuwashinda. Walijua tu kwamba ukaribu una daraja zake, na wakazijenga kwa mawe na chokaa.

Simu ya mkononi haina daka wala tekani. Anayeipiga huangukia kiwandani, na mara nyengine chumbani kabisa, na neno lake la kwanza baada ya salamu iliyokatwa nusu huwa: Uko wapi?

Hebu lizingatiwe swali hilo. Hakuna mgeni aliyesimama mlangoni aliyewahi kuliuliza. Barua, ambazo zamani zilianza kwa salamu ndefu na kuulizana hali za wakubwa kwa wadogo, hazikuliuliza. Ni swali la askari au la tajiri kwa mtumishi wake, na leo linaulizwa na rafiki kwa rafiki, mume kwa mke, mdaiwa kwa mdai, bila ya yeyote kushtuka. Na kwa kuwa limeulizwa pasipo haki, linajibiwa pasipo ukweli. Mtu aliyekaa Darajani ananunua samaki husema kwa sauti ya utulivu kwamba ameshafika Mwanakwerekwe. Abiria katika daladala husikia, hutazamana, hucheka kidogo, na zamu zao zikifika hufanya vile vile. Hawa si waongo kwa tabia. Wengi wao hawathubutu kupunguza mizani wala kula amana ya mtu. Ule uongo wao ni tekani iliyojengwa kwa haraka na mtu aliyevamiwa, kwa kifaa pekee alichokuwa nacho wakati ule, ulimi.

Lakini kueleza sababu ya uongo si kuuhalalisha. Mtoto aliyekaa pajani mwa mama yake huyasikia maneno haya mara nne kwa siku, huku akitazama kwa macho yake mwenyewe kwamba hawako Mwanakwerekwe.

Mtu anaweza kupinga kwamba uongo wa mlangoni ni wa kale, na atakuwa amesema kweli. Mwambie sipo, kauli ambayo baba humtuma mwanawe aipeleke kwa mdai, ni ya zamani kuliko waya wa 1879. Lakini aliyesema sipo aliikiuka adabu iliyokuwa imempa njia bora. Angeliweza kunyamaza, na kimya chake kingelifahamika na kuheshimiwa. Alidanganya kwa kutaka vyote viwili, asionane na mtu na aonekane mkarimu. Anayedanganya kwenye simu, kwa upande wake, hakuachiwa kimya. Asipopokea hupigiwa tena, na tena, mara saba, na jioni huulizwa kwa hasira kwa nini hapokei simu, kana kwamba kila mwenye namba yake anamdai masikio yake.

Paliwahi kuwepo desturi moja iliyokaribia kuliponya jambo hili, nayo ikachekwa mpaka ikafifia. Ni kubipu. Katika miaka ya 2000, wakati vocha ilikuwa ghali na dakika moja ilihesabiwa kwa sekunde zake, mtu alipiga, akaiacha simu ilie mara moja, akakata. Wenye uwezo walisema huo ni ubahili na ni kuwatwisha wengine gharama, na kwa baadhi ya watu ilikuwa hivyo kweli. Lakini itazamwe tena. Mwenye kubipu aligonga na akarudi nyuma. Hakudai kusikilizwa pale pale. Aliacha alama tu kwamba amepita, na akamwachia mwenzake achague saa ya kujibu, au asijibu, kwani hapakuwa na aliyejua kwa yakini kama mlio ule mmoja ulisikika. Wapendanao waliwekeana idadi ya milio na maana zake. Mama aliyekuwa shamba alijua mlio wa saa kumi na mbili ya jioni ni wa mwanawe aliyefika salama. Umaskini uliwafundisha watu hodi ambayo kifaa hakikuwa nayo. Dakika ziliposhuka bei, adabu ile ikaondoka na ughali wake.

Yaliyofuata yalikwenda upande wa pili. Mwaka 2014 WhatsApp ilianza kumwonyesha mpelekaji alama mbili za buluu pale ujumbe wake uliposomwa. Methali ya kwamba macho hayana pazia ilitungwa kwa ajili ya watu. Hapa mlango wenyewe umepewa jicho, nalo linatazama ndani. Anayebisha sasa anajua kwamba mwenyeji yumo, amesikia, amesimama, na hakufungua. Ndoa zimetikiswa na alama hizi, na udugu umepoa. Inawezekana kuzizima, lakini aliyezizima hushukiwa kwa kuzizima kwake, kama vile nyumba ya zamani ingelishukiwa kwa kuwa na tekani. Na hapo ndipo penye msiba wa jambo hili: kificho, ambacho kilikuwa sehemu ya heshima, kimehesabiwa kuwa dalili ya hatia.

Udhuru pekee unaokubalika bila ya maswali ni wa mashine yenyewe. Unguja ilipokaa bila ya umeme wa gridi tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, mwenye simu iliyozimika hakuhitaji kujieleza. Kila mtu alijua. Umeme uliporudi, msamaha ule ukafutwa. Ndiyo maana kauli ya kwamba betri ilikwisha imekuwa maarufu hivi: mtu mzima, mwenye akili zake na nyumba yake, hupata kwa kifo cha betri ile ruhusa aliyokuwa akiipata babu yake kwa kunyamaza.

Iko hoja moja ya upande wa pili isiyoweza kupitwa kwa haraka. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, imejaa watu kupita kiasi. Simu iliyolia usiku ule katika nyumba iliyolala haikuwa utovu wa adabu, na anayeizungumzia hodi mbele ya watu waliokuwa wakipiga namba isiyopokelewa hana la kuwaambia. Na nje ya maafa, kuna kila mama wa kisiwani mwenye mtoto Maskati, Dubai au Toronto. Kwake yeye mlio wa simu si uvamizi; ni mtoto kaingia nyumbani, na mtoto habishi hodi kwao. Wala taazia na mkono wa pole vinavyotumwa kwa simu kutoka ng'ambo haviwezi kubezwa, ijapokuwa mtu wa mtaa wa pili anayetuma pesa kwa simu ili asije matangani ana hesabu nyengine.

Hayo yote yakubaliwe. Sheria ya hodi nayo ilikuwa na nafasi yake kwa hayo: nyumba inayoungua haibishwi hodi, hata mgeni asiyejulikana huivunja milango na akashukuriwa. Kosa ni kuuchukua mlio wa moto na kuufanya wa kila jambo. Mwenye kuuliza bei ya saruji, mwenye kutaka kujua mpira umekwisha ngapi, na mwenye kuleta habari ya meli iliyozama, wote huingia kwa mlango mmoja na kwa sauti moja, na anayepokea hawezi kuwatofautisha mpaka awe ameshanyanyuka.

Vijana, ambao hulaumiwa kwa mengi katika uwanja huu, wameanza kufanya jambo ambalo wazee wao hawakulitarajia. Kabla ya kupiga, huandika: una nafasi nikupigie? Wakubwa huliona ni baridi, ati mtu atamwombaje ruhusa shangazi yake mwenyewe. Lakini maneno hayo matatu, yameandikwa kwa kifupi na pengine kwa tahajia mbovu, yanasimama ubavuni mwa mlango.

Na wapo bado, khasa miongoni mwa bibi wa mitaa ya kale, wanaopiga simu kama walivyozoea kubisha. Hupiga mara moja, wakaiweka simu juu ya mkeka, wakaendelea kuchambua mchele. Hupiga ya pili. Baada ya ya tatu huifunga katika upindo wa khanga na hawaigusi tena mpaka baada ya sala inayofuata. Mjukuu akiwahimiza wapige tena, kwani mtu huyo anaonekana yuko hewani, bibi humtazama kwa mshangao kidogo. Huenda kalala, humwambia. Huenda ana watu.