Jumatatu: Neno Linalofika Sokoni

Soma 2 Timotheo 3:16, 17 na Amosi 8:4–6. Wafanyabiashara hawa waliacha kuuza siku ya Sabato. Kosa lao lilikuwa nini?

Amosi alikuwa mchunga mifugo, lakini kwa uvuvio wa Roho alikemea hata efa, kipimo cha nafaka, iliyopunguzwa. Watu hao waliitunza Sabato huku wakiisubiri iishe wakapunje maskini. Neno hilo lingali na pumzi ya Mungu. Linafika hata soko la Mwandiga: likikuta kopo la dagaa lililobonyezwa kitako, au dumu la mawese lisilojaa, linaliita dhambi. Anayekiri kwamba Maandiko yamevuviwa hukubali yamwonye, hata faida ikipungua.

Je, fungu hili linakutaka ubadilishe nini kazini kwako juma hili?