Mkubwa wa Nyumba Ni Nani?

Tumezoea kusema kwamba ndoa huvunjwa na makosa makubwa: uzinzi, ulevi, ugomvi wa mali. Ni kweli, makosa hayo hubomoa nyumba. Lakini nyumba nyingi hupoa zamani kabla ya kosa kubwa kutokea, kwa kuwa waliomo wameacha kutumikiana. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Wakasema pia bandu, bandu, humaliza gogo. Ndoa hujengwa kidogo kidogo, na kidogo kidogo huisha.

Tuitazame Mlandizi, mji ulio kando ya barabara ya Morogoro, kilomita 60 hivi kutoka Dar es Salaam. Wako huko waume kwa wake waondokao kabla ya alfajiri kwenda kazini au sokoni mjini, wakarudi usiku. Mwenzi aliyebaki naye amelima, amepika, ameuguza mtoto. Watu wawili waliochoka hukutana mlangoni, kila mmoja akingojea kutumikiwa. Basi, katika nyumba ya Kikristo, ni nani apasaye kuanza?

Wengi hujibu upesi: mume ni kichwa, na akae atumikiwe. Hatudharau heshima tuliyorithi kwa wazee wetu. Lakini Bwana wetu, usiku ule wa kuamkia mateso yake, aliondoka mezani, akajifunga kitambaa, akawaosha mitume miguu. Hakuacha kuwa Bwana. Alituonyesha ubwana ni kitu gani. Atakaye ukubwa nyumbani, na aanze yeye kutumika.

Wala hili si jambo la mitume peke yao. Louis Martin wa Ufaransa alikuwa fundi wa saa, na mkewe Zélie alikuwa na kazi yake ya kutengeneza lesi. Kazi ya mke ilipokua, mume aliliachia duka lake ili amsaidie. Hakuona aibu. Mwaka 2015 Kanisa liliwatangaza wote wawili pamoja kuwa watakatifu.

Twajua kwamba huduma ya nyumbani haina sifa. Huko huko Mlandizi upo mtambo wa maji wa Ruvu Juu, uliojengwa mwaka 1959, unaopeleka maji Dar es Salaam. Mtu wa mjini afunguaye bomba haukumbuki mtambo ule, ila siku maji yakatikapo. Ndivyo alivyo mama aamkaye kuwasha moto, na baba atengenezaye paa linalovuja. Kwa hiyo shukrani nayo ni huduma. Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, katika wosia wake wa kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, aliwahimiza wenye ndoa wasiache kuombana ruhusa, kushukuriana na kuombana radhi.

Hata hivyo, tusidanganyane. Huduma ndogo haiwezi kufunika dhuluma kubwa. Mume aletaye kilo ya sukari huku akificha mshahara wake hajamtumikia mkewe, amemnunua anyamaze. Mke amwandaliaye mumewe chakula kizuri, kisha akamwaibisha mbele ya majirani, ameharibu kazi yake mwenyewe. Na anayempiga mwenziwe asijitetee kwa zawadi za kesho yake: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Haki hutangulia, na upendo huongeza juu yake. Tena, kutumika daima kwa mtu mmoja, huku mwingine akipokea tu, si ndoa bali ni utumwa.

Basi, enyi wazazi Wakristo, msingoje siku kuu. Mume na achukue ndoo bila kuagizwa, ambembeleze mtoto aliaye usiku. Mke na amsikilize mumewe kwanza, ndipo ataje mahitaji ya kesho. Msihesabiane, kwa maana huduma iliyoandikwa katika daftari la moyo imekwisha kuwa deni. Watoto wenu wanawatazama. Hayo wayaonayo jikoni na uani ndiyo watakayoyapeleka katika ndoa zao, hata wakisahau mafundisho ya katekista.

Na leo jioni, mtakapokutana mlangoni mmechoka wote wawili, mmoja wenu asingoje.