Aliyezidi

Kwenye vibanda vya gemu vya miji yetu, Sumbawanga ikiwamo, palikuwa na sheria ambayo haikuandikwa ukutani: usimchague Eddy. Eddy Gordo ni yule Mbrazili wa Tekken 3, gemu iliyoingia kwenye PlayStation mwaka 1998 ikadumu vibandani muda mrefu baada ya mashine yenyewe kupitwa na wakati. Eddy hupigana kwa kapoera. Anapinduka, anasimama kwa mikono, teke la kwanza linatoka juu na la pili linafagia chini. Mtoto aliyeshika pedi kwa mara ya kwanza akibonyeza vitufe vya mateke ovyo ovyo, Eddy anapigana kama mtu aliyefundishwa. Na kibandani anayepigwa ndiye anayeinuka kumpisha mwingine, hela yake imeshakwenda. Kwa hiyo zile kelele za kumkataa Eddy hazikuwa utoto. Zilitoka kwa watu waliolipia kucheza wakajikuta wamelipia kutazama.

Naichukua kesi hii kwa uzito wake wote, kwa sababu ndani yake mna swali ambalo watu wazima hulijibu kila siku bila kulifikiri: nguvu ya mmoja inakuwa lini sababu ya kumwondoa?

Jibu jepesi ni kwamba aondolewe anayeshinda mno. Jibu hilo halisimami. Kila mchezo una kilicho bora kuliko vingine. Kwenye drafti, kingi anakatiza ubao kutoka pembe hadi pembe huku kete za kawaida zikisogea hatua moja moja, lakini sijasikia kijiwe kilichokaa kikao cha kumfuta kingi. Nguvu yake ndiyo inayozipa kete ndogo sababu ya kwenda mbele. Na mwenye nguvu anayeweza kuangushwa ni tunu kwa wanyonge. Oktoba 2020 Simba walifika Sumbawanga wakiwa mabingwa wa misimu mitatu mfululizo, wakacheza na Tanzania Prisons kwenye uwanja wa Nelson Mandela, wakafungwa bao 1-0, bao la Samson Mbangula. Msimu ulipokwisha Simba walichukua ubingwa tena, kama ilivyotarajiwa. Lakini utamu wa siku ile ulitokana na ukubwa wa Simba. Ligi iliyowatoa wakubwa wake ingewanyima watu wa Rukwa, mkoa wetu, furaha hiyo.

Kushinda sana, basi, si kosa. Kosa liko kwingine, na ili kuliona inafaa kumweka Eddy karibu na mwenzake aliyefungiwa kwa haki.

Mwaka 1994 ilitoka Super Street Fighter II Turbo, na ndani yake alifichwa mhusika aitwaye Akuma. Kumpata kulihitaji kubonyeza mfuatano wa siri. Akuma aliweza kuruka na kutupa moto akiwa hewani, ukishuka mshazari, na kabla mpinzani hajamaliza kuukinga, yeye ameshatua tayari kwa pigo linalofuata. Kwa wahusika wengi wa gemu ile, kumkaribia tu lilikuwa jambo lisilowezekana. Wachezaji wa Marekani walimpiga marufuku mashindanoni. Wajapani kwa sehemu kubwa waliacha tu kumchagua, kila mmoja akijua kwamba mwenzake naye hatamchagua. Walioamua hayo hawakuwa wageni wa gemu. Walikuwa mabingwa waliokwisha kutafuta njia ya kumshinda wakaikosa, na wakaona kwamba akiruhusiwa, mashindano yote yatakuwa Akuma kwa Akuma.

Eddy hakuwa hivyo. Kila mfululizo wa mateke yake una mwisho, na pale mwishoni anabaki wazi kwa muda mfupi. Ukijifunza kukinga chini, ukamwacha amalize, unampiga utakavyo. Wachezaji hodari wa Tekken 3 hawakumwogopa. Kilichomfanya aonekane hashindiki ni kwamba elimu ya kumpiga ilichelewa kutufikia, na sheria yetu ikazidi kuichelewesha: ambaye hajakutana na Eddy kwa miaka mitano hatajifunza kulinda miguu yake. Tuliuita udhalimu kitu ambacho kilikuwa somo.

Kipimo ninachokishika ni hiki. Mchezo huwauliza wachezaji swali, na uhai wake ni kwamba swali lina majibu mengi yanayopigana. Mhusika amezidi pale anapokuwa jibu pekee, ama umchague yeye ama ukae chini. Hapo hajawashinda wachezaji wenzake tu, amelimaliza swali lenyewe. Kumwondoa ni kulirudisha. Lakini hukumu hiyo haitolewi wiki ya kwanza, kwa sababu wiki ya kwanza hakuna ajuaye kama tatizo ni nguvu yake au ujinga wetu.

Jaribio gumu la kipimo hiki lilikuja na Leroy Smith, aliyeongezwa kwenye Tekken 7 Desemba 2019. Mwezi uliofuata, kwenye mashindano ya EVO Japan, wachezaji sita kati ya wanane wa mwisho walikuwa naye, na bingwa, Book wa Thailand, alishinda kwa Leroy. Hapo swali lilikuwa limekufa mbele ya macho ya kila mtu. Waliotengeneza gemu wakampunguza makali, wakambakiza. Nadhani walifanya vizuri. Lakini njia hiyo ina sharti lake: inahitaji gemu inayofunguliwa na kurekebishwa kutoka mbali. CD ya Tekken 3 haina fundi. Eddy aliyechapwa 1998 atabaki Eddy yuleyule hadi CD ikwaruzike, na watu wa kibandani hawana chombo kingine zaidi ya mapatano yao. Ndiyo maana siwadharau kwa kukosea. Walikuwa wakitunga sheria pasipo na bunge.

Swali la nani aamue ni gumu kuliko la kipimo, nami silioni likizungumzwa vya kutosha. Anayepigwa ana kisa, na kila anachokiona anakiona kupitia kisa hicho. Anayeshinda naye anatetea ulaji wake. Mwaka 2011, baada ya ugomvi wa miaka, wasimamizi wa mashindano ya Super Smash Bros. Brawl nchini Marekani walikubaliana kumfungia Meta Knight. Hoja zao zilikuwa na nguvu. Hata hivyo, walikuwapo watu waliompa mhusika yule miaka ya mazoezi, na kwa azimio moja mazoezi hayo yakawa hayana thamani.

Mtu wa Ufipa, huku kwetu Sumbawanga, analijua jambo hili kwa njia isiyo ya gemu, na hapa ndipo linaponigusa. Kati ya 1963 na 1964 vijiji vya Ufipa vilipitiwa na vuguvugu la Kamchape. Mwanaanthropolojia Mwingereza Roy Willis, aliyekuwa akiishi na kufanya utafiti huku wakati huo, aliliandikia makala. Waganga waliitwa kijijini kuwabaini wachawi. Walionyooshewa vidole walikuwa zaidi wazee, watu wenye sauti na nafasi, na walioshabikia kazi hiyo walikuwa zaidi vijana. Willis aliona nyuma ya uganga ule mvutano wa nani aongoze kijiji. Aliyezidi alihukumiwa na wale waliotaka mahali pake.

Sisemi kwamba waliohusika walikuwa waongo. Hofu yao ilikuwa ya kweli, kama hasira ya kijana aliyepoteza hela kwa Eddy ilivyo ya kweli. Nasema kwamba safari ya kutoka "amezidi" hadi "ana kitu" ni fupi sana, na kutoka "ana kitu" hadi "atoke" ni fupi zaidi. Mji wetu umebandikwa sifa ya uchawi nchi nzima, na sifa hiyo inatuumiza. Lakini nchini humu wazee, hasa wanawake, wameuawa kwa tuhuma za aina hiyo, na wengi wao hawakuwa wamezidi kwa chochote isipokuwa umri. Ndiyo sababu sipendi kuliacha swali hili mikononi mwa waliochoka kushindwa.

Kuna upande wa pili wa Kamchape ambao ni lazima niutaje, kwa sababu ni wa haki. Mtuhumiwa hakufukuzwa. Alisalimisha dawa zake, akachanjwa chale, akarudi kukaa na wenzake. Walimpunguza makali, wakambakiza. Na simulizi la kale la Wafipa linakwenda mbali zaidi. Linasema ufalme wa kwanza ulikuwa Milansi, kisha wakaja wanawake wageni, Watwa, wakautwaa utawala wa nchi. Aliyetangulia hakuwaweza, wala wao hawakumfuta: mtawala wa Milansi alibaki na kijiji chake na heshima ya aliyetangulia, wageni wakashika nchi iliyobaki. Mwenye nguvu na aliyezidiwa wakagawana mahali. Bila shaka simulizi hilo limelainishwa na walioshinda, kama simulizi za wafalme zilivyo kote. Hata hivyo watu walioamua kujikumbuka hivyo walikuwa wamefikiri sana juu ya nini cha kufanya na asiyeshindika.

Nayahitaji haya yote kwa sababu kipimo nilichokitaja, kinachotosha kwa Akuma, hakitoshi kwa mtu. Ukisimama ukingo wa magharibi wa uwanda wetu unaliona Ziwa Tanganyika, na kwenye ncha yake ya kaskazini iko Burundi, nchi ya Francine Niyonsaba. Mwaka 2016, kwenye Olimpiki ya Rio, alishika nafasi ya pili mita 800, nyuma ya Caster Semenya wa Afrika Kusini na mbele ya Margaret Wambui wa Kenya. Baadaye kanuni za riadha ziliwagusa wote watatu: mwanamke ambaye mwili wake kwa asili unatoa testosteroni nyingi kupita kiwango fulani asingeruhusiwa kukimbia kimataifa mbio za kuanzia mita 400 hadi maili moja bila kuishusha kwa dawa.

Waliokuwa nyuma yao nao wana dai, na sitalibeza. Mwanamke anayefanya mazoezi miaka minane akaona jukwaa la medali limejaa kabla bunduki haijalia anauliza kile tulichouliza juu ya Leroy. Mwaka 2019 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ilikiri kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi, kisha ikasema ubaguzi huo ni wa lazima ili kulinda mashindano ya wanawake. Hoja hiyo ina mantiki ya kibandani: swali la mchezo lisife.

Lakini Eddy akifungiwa, aliyekuwa akimtumia anahamia kwa mwingine na jioni anaendelea kucheza. Niyonsaba hana mwili mwingine wa kuchagua. Alichoweza kuhama ni umbali. Akaacha mita 800 akaenda mbio ndefu, ambako kanuni haikufika, akajifunza upya, na Septemba 2021 mjini Zagreb akavunja rekodi ya dunia ya mita 2,000. Naliona hilo kama Milansi kwa upande wa pili: aliyesukumwa akapata mahali pake na mashindano yakaendelea. Machi 2023 shirikisho la riadha la dunia likaipanua kanuni hadi mbio zote. Mahali palipobaki pakafungwa.

Kwa hiyo naongeza sharti ambalo Akuma hakulihitaji. Anayetaka kumwondoa mtu ndiye abebe mzigo wa kuthibitisha kwamba ametafuta kila mahali pa kumweka na amekosa, na anayeondolewa asikilizwe kwa ukamilifu kabla ya hukumu, na watu ambao hawagombei medali yake. Semenya aliipeleka kesi yake mahakama za Uswisi, kisha Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Julai 2025 mahakama hiyo iliamua kwamba kule Uswisi hakupata usikilizwaji wa haki. Alikuwa na umri wa miaka 34, na mbio kubwa ya mwisho ya mita 800 alikuwa ameikimbia mwaka 2019.