Mchongoma na Miaka Yetu

Wazee wenzangu, ua wa michongoma tuliupanda tukiwa na nguvu; sasa kuupunguza ndiyo ngoma. Juzi nilisimama juu ya stuli na panga, mikono mitupu, eti nimalize kabla ya chai. Mwiba ukapenya chini ya ukucha wa kidole gumba, ukakatikia humo. Mama watoto aliutoa kwa sindano, miwani puani, bila kusema neno. Afadhali angegomba! Na jeraha la mwiba si la kupuuza: vijidudu vya pepopunda hukaa udongoni, na chanjo yake hurudiwa kila baada ya miaka 10. Yangu nimeshaisahau. Kama ua wako umeziba njia, mwite kijana wa jirani, mpe glavu, na umlipe ujira wake leo leo.