Maudhi Madogo

Wako watu wanaodhani kwamba elimu ya wema na ubaya haina budi kushughulika na mambo makubwa tu: vita na amani, uhai na mauti, haki na dhuluma. Walakini maisha ya mwanadamu hayakufumwa kwa mambo makubwa peke yake. Wengi wetu hukutana na msiba mkubwa mara chache katika umri wetu, lakini hapana siku ipitayo bila ya udhia. Kama wema ni jambo la kila siku, basi hapo tuguswapo kila siku ndipo mahali pake pa kupimwa. Swali ni hili: je, maudhi madogo yastahili kulalamikiwa, au yafaa kusamehewa yote kwa sababu ya udogo wake?

Kwanza yatupasa kutenga maudhi ya aina mbili. Yako yasiyo na mwenyewe. Upepo wa kiangazi uvumapo juu ya uwanda wa Kondoa hutia mchanga machoni mwa tajiri na maskini, na kuukasirikia ni kazi bure. Barabara itokayo Dodoma kwenda Babati ilikuwa na vumbi kwa miaka mingi, mpaka ilipotiwa lami na kuzinduliwa mwaka 2018. Msafiri wa zamani alifika Kondoa akiwa rangi moja na njia. Akajipangusa, akacheka na wenzake waliofanana naye. Udhia usio na mwenyewe, tena ulioenea kwa wote, ni mzigo mwepesi.

Aina ya pili ni maudhi yenye mwenyewe. Utingo huwaambia abiria kwamba basi laondoka sasa hivi, kisha basi hilo likauzunguka mji mara tatu kutafuta watu wengine. Abiria hufungulia simu yake sauti ya juu, akawalazimisha watu hamsini kusikiliza asichokiomba ye yote. Kijana aliyefika mwisho bombani huitanguliza ndoo yake mbele ya ndoo za wanawake waliofika alfajiri. Jirani huazima jembe kwa siku moja, akalirudisha baada ya juma, mpini umelegea. Kila mmoja wa hawa akiulizwa, jawabu lake ni moja: ni jambo dogo.

Lakini udogo huo umepimwa kwa kipimo cha nani? Tulitazame jembe. Kondoa ina msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka. Siku zifuatazo mvua ya kwanza, ardhi ingali laini, zina thamani kuliko miezi iliyotangulia. Aliyelikawiza jembe hakuchukua kipande cha chuma na mti. Alichukua siku za mwenzake, na siku hazirudishwi pamoja na jembe. Kwake jambo lilikuwa dogo, kwa sababu alilipima kwa mkono ulioazima. Kwa mwenye jembe lilikuwa kubwa, kwa sababu alilipima kwa ghala. Udogo wa udhia, basi, hauwezi kukadiriwa na mwenye kuutenda peke yake.

Tena maudhi huhesabika. Katika hili ardhi ya Kondoa ni mwalimu asiyehitaji ubao. Makorongo yaliyopasua vilima vya Irangi hayakuchimbwa na gharika ya siku moja. Miti ilikatwa, majani yaliliwa na mifugo, na tone la mvua likaikuta ardhi i uchi. Hapana mfugaji aliyekusudia kuiharibu nchi. Kila mmoja aliona kwamba ng'ombe mmoja zaidi si kitu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililomomonyoka, zaidi ya kilometa za mraba 1,200. Majani yalirudi na miti ikachipua, lakini dawa ilikuwa chungu: amri ilimkuta mwenye ng'ombe wawili kama ilivyomkuta mwenye mia mbili. Wahenga walisema: Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Msomaji aweza kudhani sasa kwamba nashauri watu wawe wepesi wa kukasirika. La, hasha. Hasira juu ya jambo dogo ina hatari yake, na hatari hiyo huongezeka kwa nguvu za mwenye hasira. Seneca, mwanafalsafa wa Roma wa karne ya kwanza, alisimulia habari za tajiri aliyeitwa Vedius Pollio. Mtumwa wake alivunja bilauri mbele ya wageni, naye akaamuru atupwe bwawani aliwe na samaki. Kaisari Augusto, aliyekuwapo karamuni, alimwokoa mtumwa yule, akaamuru bilauri zote zivunjwe na bwawa lifukiwe. Bilauri moja, roho moja! Mwenye nguvu huuita udhia wake kosa, na huadhibu. Mnyonge huuita udhia wake majaaliwa, na hunyamaza.

Hapa ndipo palipo kiini cha jambo. Subira ni sifa njema, lakini aghalabu huhubiriwa kwa watu wale wale. Wanawake wa bombani huambiwa wavumilie, ni ndoo moja tu. Kijana aliyewatangulia haambiwi asubiri. Subira idaiwayo upande mmoja haiwi tena wema; huwa kodi atozwayo aliyezoea kulipa. Ugomvi ulipukao siku moja kwa neno moja, watu wakashangaa kwamba majirani wamegombana kwa kitu kidogo, mara nyingi ni deni la miaka lililodaiwa kwa siku moja.

Kwa hiyo naona kwamba yatupasa kuwa na mizani mbili. Udhia tuupatao tuupime kwa nia ya aliyeutenda. Tukifanya hivyo tutasamehe mengi, maana wengi hutuudhi kwa kughafilika. Udhia tuutendao tuupime kwa mzigo wa aliyeupata, wala tusijitetee kwa nia yetu njema. Watu wengi hushika mizani hizi kinyume. Na aliyeudhiwa aruhusiwe kusema mapema, kwa upole, bila kuitwa mgomvi. Matuta ya kuzuia maji hulimwa mlimani wakati maji yangali membamba, kwa jembe na kwa jasho kidogo. Neno la upole lisemwalo mapema lina kazi hiyo hiyo kati ya majirani: ni rahisi kwa msemaji, ni jepesi kwa msikiaji, na huokoa ardhi ambayo wote wawili hawana budi kuendelea kuilima.