Twamtibu Nani?

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii ni ya kweli, lakini kila methali ina mpaka wake, na mtu auvukaye mpaka huo huigeuza hekima kuwa fimbo. Akizaliwa mtoto mwenye usonji, achelewaye kusema, akwepaye macho ya watu, azibaye masikio asikiapo mashine ya kusaga, majirani huitwaa methali hii wakampiga nayo mama yake. Huyu husema mama amemdekeza; yule husema amelaaniwa; wa tatu hunong'ona habari za pepo. Mtoto hupata jina baya, na mama hupata hukumu.

Isidhaniwe kuwa kosa hili ni la wasiosoma peke yao. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 wa namna hii. Aliamini kuwa wamezaliwa na hali yao, ila aliongeza kuwa wazazi wao wengi walikuwa watu wakavu wa moyo. Mbegu hiyo ndogo iliota mti wenye sumu. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mtaalamu wa elimu ya nafsi na baba wa mtoto mwenye usonji, alitoa hoja kuwa asili ya hali hiyo imo mwilini, si katika malezi. Hata hivyo, mwaka 1967 Bruno Bettelheim wa Chicago alichapisha kitabu kilichowatwika wazazi lawama, na mama zaidi. Leo wataalamu wamekubaliana kuwa ubongo wa mtoto huyu hukua kwa njia yake, na kwamba urithi una sehemu kubwa. Basi kitabu cha msomi na mnong'ono wa kisimani vilifanana kwa tunda: vyote viwili vilimwacha mama peke yake.

Hapa pana swali la maadili. Tumtibupo mtoto huyu, twamtibu nani? Apungapo mikono kwa furaha, nasi tukamzuia, twaondoa maumivu ya nani? Yeye hakuumwa, yaliyoumwa ni macho yetu. Lakini akifundishwa kusema, au kuonyesha picha, ili aombe maji badala ya kujigonga kichwa ukutani, msaada huo ni wake. Kipimo changu ni hiki: tiba njema humpunguzia mtoto taabu, tiba mbaya huwapunguzia watu haya.

Mtu aweza kujibu kuwa dunia haitabadilika kwa ajili ya mtoto mmoja, na kwamba huruma isiyomfunza kuvaa nguo na kuvuka barabara ni ukatili uliojipamba. Jibu hilo lina haki yake. Mtoto na afundishwe. Lakini haifai mdogo kuliko wote atakiwe kusafiri safari nzima, na wakubwa wakae barazani wakimngoja. Mwalimu na jirani nao wana mwendo wao.

Tena mtoto hakai hewani; hukaa nyumbani. Mama asiyelala hawezi kufundisha kwa subira. Ndugu wasahauliwao huota kinyongo. Baba aonaye haya hutafuta sababu ya kuchelewa kurudi. Kumtibu mtoto na kuiacha nyumba yake ni kumwagilia jani na kuusahau mzizi. Shirika la Afya Duniani limetunga mafunzo ya walezi wa watoto hawa: mikutano 9 ya kikundi na ziara 3 za nyumbani. Humo mlezi hujifunza kutumia michezo na kazi za kila siku, hata kufua na kupanga vyombo kukawa somo la mazungumzo. Naye mlezi mwenyewe hufunzwa kujitunza. Huo ndio ukamilifu wa tiba: kumwona mtoto pamoja na wale wambebao.

Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Basi auonaye mwepesi na aushike upande mmoja, japo kwa saa moja, ili mama apate kulala.